Maji ya Safari: Kilwa Kivinje hadi Jibondo kwa Mashua

Dumu la lita 20 nililouziwa pwani ya Kilwa Kivinje kwa shilingi 5,000 lilikuwa limewahi kubeba mafuta ya taa. Aliyeniuzia aliapa kwamba maji yamechemshwa, kifuniko alikifunga kwa nailoni, na akanisaidia kulibeba hadi kwenye chombo. Nayatanguliza haya kwa sababu bado yananiuma. Akikuuzia embe bovu, umepoteza embe. Lakini anayemuuzia abiria wa mashua maji yasiyonyweka, huku akimwona anapanda, amecheza na roho ya mtu.

Kilwa yenyewe naipita. Magofu yameshaandikwa na wengi. Nilitaka kufika Mafia kwa bahari badala ya kurudi barabarani hadi Kibiti na kushuka Nyamisati, bandari ya kuvukia kwenda Mafia, nikapata mashua iliyokuwa inarudi Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia, ikiwa na magunia ya mahindi, mabati na abiria wachache. Nauli 25,000, na kwa bei hiyo unakaa juu ya magunia, bila kivuli ila kile cha tanga. Niliona ni ghali, na hata sasa naona ni ghali.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Upepo wa kusi umechoka, wa kaskazi haujaanza. Watu wa pwani wanajua maana yake, sisi wa bara tunaisoma tu.

Nahodha, mzee wa Jibondo mwenye sauti ndogo, hakupandisha mtu kabla ya kukagua chakula chake. Mizigo mingine hakuiuliza, chakula tu. Alichutama mchangani, akafungua kila kikapu, akawa anatenga: hiki huku, hiki kule. Bi mkubwa mmoja aliyekuwa anakwenda kwa bintiye alikuwa na mikate ya kumimina, machungwa, ndimu na chungu cha wali wa nazi. Mikate ilipita, machungwa yalipita. Wali aliambiwa tuule pale pale, kabla ya kutweka, maana wali ukishatiwa tui haufiki adhuhuri ya kesho. Tukaula sote, mkono mmoja sahani moja, na sijala wali mtamu kama ule tangu niondoke nyumbani.

Ilipofika zamu yangu nikatoa matobolwa. Kwetu Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kama kwa Wasukuma, viazi vitamu huchemshwa, hukatwa vipande na kuanikwa hadi vikauke kabisa, na vikishakauka vinakaa miezi. Niliona nimebeba chakula cha safari hasa. Nahodha alitafuna kipande, akatafuna sana, akameza.

"Kitamu, mwanangu. Lakini hiki kinadai maji."

Akakiweka omo, mbele ya chombo, pamoja na ng'onda wa mabaharia wake, papa aliyekaushwa kwa chumvi. Ndipo nikaelewa alivyokuwa anatenga. Vyakula vyote kwake ni viwili: kinachodai maji na kinacholeta maji. Ng'onda, biskuti, karanga za chumvi na matobolwa vinadai. Madafu, machungwa, matango na muhogo uliochemshwa vinaleta, au angalau havidai. Tende ziko katikati. Zinashibisha, hazichachi, hazitaki moto, lakini utamu wake unakausha koo, kwa hiyo ni chache, na ziliwe na dafu.

Madafu yalikuwa mengi, yamerundikwa chini kabisa karibu na ngama, pale maji ya chombo yanapokusanyika. Alikuwa ameyachagua mwenyewe mtini, yote dafu hasa, hakuna koroma, kwa sababu koroma limeshaanza kugeuza maji kuwa nyama. Dafu zuri lina kama nusu lita, kubwa hupita hapo. Mashua ikilala upande halimwagiki. Jua halilichemshi upesi, ganda linalikinga. Haliwezi kunuka dumu. Na kuuziwa dafu lenye mafuta ya taa ndani haiwezekani. Pale Kivinje lilikuwa shilingi 1,000 moja, nami niliyanunua machache kwa kunung'unika.

Tuliondoka na maji ya jioni. Usiku nauruka, upepo ulikuwa mwema na nililala.

Asubuhi, Songosongo ikiwa imebaki nyuma, upepo ukafa. Ukafa kabisa. Tanga lilining'inia, bahari ikawa kioo, na jua likapanda bila huruma. Kwa kilomita 80 na ushei za safari hiyo, mwenye upepo mzuri hufika siku ya pili mchana. Sisi tukawa tunasukumwa na mkondo tu, polepole, kuelekea kaskazini.

Hapo nikafungua dumu langu.

Harufu iliwahi kabla ya maji. Baharia kijana aliyekaa karibu yangu aligeuka mwenyewe. Nahodha akaja, akanusa kifuniko, akachovya kidole, akatema mate baharini. Hakusema neno juu ya muuzaji. Alisema yale yatakuwa ya kunawia mikono, asinywe mtu hata mkononi, kisha akaenda tezi, nyuma ya chombo, akafunua gunia lililolowanishwa. Chini yake kulikuwa na pipa la chombo. Gunia lile lilikuwa linamwagiwa maji ya bahari kila mara ili likikauka lipoze pipa.

Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Kilichonikasirisha zaidi ni kwamba sasa nilikuwa nakunywa maji ya watu waliokuja na maji yao. Nilimwambia bi mkubwa hivyo. Akakata dafu, akanywa nusu, akanipa. "Kunywa, mwanangu, usihesabu."

Kutoka hapo Nahodha alipanga kila kitu. Kikombe kimoja cha bati kilizunguka kwa zamu, kidogo kidogo, wala hakuna aliyeruhusiwa kunywa kwa mkupuo. Madafu yalihifadhiwa kwa saa za jua kali. Ng'onda halikuguswa. Muhogo ulipikwa kwenye karai lililojazwa mchanga, moto wa mkaa juu yake, na ndani ya sufuria alitia sehemu moja ya maji ya bahari kwa sehemu tatu za maji baridi, ili chumvi ipatikane na pipa lipumzike. Vijana walivua changu wawili kwa mshipi, tukawachoma, lakini kila mtu alipata kipande kidogo tu. Nyama nyingi nayo inadai maji, alisema, hata ikiwa mbichi. Na ni kweli, mwili hutumia maji kutoa taka za nyama.

Alasiri niliinama kando ya mashua, nikateka maji kwa kikombe. Nilitaka kunawa uso tu. Baharia kijana akanishika mkono. "Kaka, haya siyo ya kwenu."

Maneno hayo yalinirudisha Ukerewe. Kwetu hakuna aliyefunga safari ya mtumbwi na maji. Baba alikuwa anavuka kwenda visiwani na ugali uliofungwa kwenye majani na chumvi kidogo, na kiu ikimshika anateka pembeni ya mtumbwi, anakunywa, anaendelea na kasia. Leo tunahimizwa kuyachemsha, na ni haki, lakini mtu akikwama ziwani hafi kwa kiu. Ndiyo maana chakula chetu cha safari ni kikavu: matobolwa, michembe (viazi vilivyoanikwa vibichi), dagaa. Tunaweza kula vinavyodai, maana mkopeshaji yuko chini ya mtumbwi. Bahari ina chumvi kama gramu 35 katika kila lita, na figo haziwezi kuitoa chumvi hiyo bila kutumia maji mengi kuliko uliyokunywa. Nilijua hilo tangu shule. Kulijua nikiwa nimezungukwa nayo, ulimi umenata kaakaani, ni kujua kwingine.

Bi mkubwa alitumenyea machungwa. Nilikumbuka Wareno wa Vasco da Gama, waliovuka kutoka India kurudi pwani hii na kukwama kwa shwari na pepo za mbisho, karibu miezi mitatu, wakafa watu kama 30 kwa ugonjwa wa ufizi. Januari 1499 walipotia nanga Malindi, walituma mtu nchi kavu akatafute machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Machungwa ya pwani. Nilikula langu na maganda meupe ya ndani, sikutupa kitu.

Usiku wa pili ulikuwa mrefu, na kulikuwa na baridi ambayo sikuitegemea. Tangawizi iliyochemshwa kidogo sana, mafunda mawili kila mtu, ilitusaidia. Kabla ya alfajiri upepo wa umande ukavuma kutoka upande wa bara, tanga likajaa, na jua lilipokuwa juu kusi ikarudi dhaifu dhaifu. Tulifika Jibondo mchana, pipa likiwa bado na maji.

Pale ndipo nikaona Nahodha alisomea wapi. Jibondo ni kisiwa cha mawe ya matumbawe chenye mafundi mashua, na wakati ule maji baridi yalikuwa ya shida: mvua, na yale yaliyoletwa kwa vyombo kutoka kisiwa kikubwa. Ufukweni kulikuwa na mashua inashusha madumu, na wanawake wakiyanusa moja moja kabla ya kulipa. Mtoto wa pale alijifunza kuhesabu maji kabla hajajifunza kuogelea.

Nahodha alinikaribisha kwake. Chai ilipokuja, ya rangi, moto, kikombe kikubwa, alinituma nikayalete yale matobolwa. Tukayachovya. Mkewe akala cha kwanza, akala cha pili, akaniuliza kama viazi hivyo vitaota kwenye mawe ya Jibondo.

Nikamwambia vinataka udongo na mvua.

"Basi utuletee vikavu," akasema, na akaniuliza kwetu kilo moja ni shilingi ngapi.