Shanga za kiunoni, shanga za mkononi

Juzi mke wa mdogo wangu katuma kwenye kundi la familia picha ya kadi ya kliniki: mtoto kapanda uzito, yuko juu kabisa kwenye kijani. Hongera zikamiminika. Mimi vidole vikagoma kuandika.

Kitindamimba wetu alikuwa na miaka mitatu. Kila mwezi uzito unapanda, muuguzi ananipongeza, majirani wanauliza namlisha nini. Tukaenda Muheza kumsalimia bibi yake.

Jioni mama mkwe akamwogesha uani, kwenye beseni. Mtoto alikuwa na shanga alizomtungia yeye mwenyewe Idi iliyopita, za kiunoni na za mkononi. Akataka kupitisha kidole chini ya zile za kiunoni, hakikupita. Uzi umezama, umeacha alama kwenye ngozi. Akamwinua mkono amsugue kwapa, zile za mkononi zikateleza zikapita kiwiko. Akaacha kusugua. Akazirudisha kwenye kifundo, akauinua mkono tena, zikateleza tena. Kisha akapaka sabuni kiganjani, akakitembeza tumboni taratibu. Kikasimama chini ya mbavu za kushoto.

"Mwanangu, njoo ushike hapa. Hajanenepa huyu."

Nikashika. Kitu kigumu, kikubwa kuliko ngumi yangu. Mtoto anacheka, anadhani tunamtekenya.

Baada ya hapo ni mbio: hospitali ya wilaya, utrasaundi, rufaa, Muhimbili. Uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wadogo. Daktari akakataza watu kumbonyeza tumbo, uvimbe usije ukapasuka. Mtoto akachomwa vinkristini, dawa ya saratani, wiki kwa wiki mpaka ukasinyaa, ndipo akapasuliwa. Figo ya kushoto ikatoka nao. Sasa yuko darasa la nne.

Kinachoninyima raha ni kwamba mzani haukudanganya. Zile kilo zilikuwepo kweli, ila zilikuwa za uvimbe, na mwanangu mwenyewe alikuwa anakonda. Ndiyo maana wanaotibu saratani za watoto hawauamini mzani peke yake, hupima na mzingo wa mkono kwa ule utepe wa rangi. Siku hizi nikimsindikiza mtu kliniki naomba mtoto apimwe na mkono. Wengine hupima. Wengine huniambia foleni ni ndefu, nami sijui nisisitize vipi bila kumtia mama wa watu hofu ambayo huenda haina sababu.