Siku yangu moja na mseto wa mahindi na maharage huku Babati

Saa 12 asubuhi. Nishavaa gambuti, nimeshindilia kande ya jana na chai ya rangi, yaani hata kifungua kinywa changu ni mseto. Mimi ni fundi wa majaribio ya shamba, tunajaribu kupanda mahindi na maharage pamoja shamba moja, kazi yangu kuchimba, kuhesabu, kupima na kubandika lebo, basi.

Saa 1. Boda inanishusha shamba la mlimani, kichanga. Mahindi huku yananifika kiunoni tu na yamepauka, ila maharage yamejimwaga raha mustarehe maana hakuna anayeyafunika. Nachimba maharage kwa koleo, usivute kwa mkono, vinundu (vile vivimbe vidogo vya kwenye mizizi) vitabaki chini, naosha kwenye beseni na kupasua kwa wembe. Kinundu kikiwa chekundu ndani kinafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani, kikiwa kijani au kijivu kimechoka. Mahindi yana mizizi mingi ya nyuzinyuzi, naitrojeni ya udongoni yanaiwahi, kwa hiyo maharage yanalazimika kuitafuta hewani. Lakini bila fosforasi hutoki, ploti ambazo hazikuwekewa, vinundu ni vya kutafuta kwa tochi, na mbolea yenyewe ya fosforasi, ya Minjingu, inachimbwa hapa hapa wilayani kwetu jamani!

Saa 6 mchana. Bondeni, udongo mweusi wa mbuga. Nimekuja saa hii kwa sababu kipimo cha mwanga kinataka jua la utosi. Mahindi yamenipita kichwa, chini yake maharage yamerefuka kama mtoto anayechungulia dirishani, mashina membamba, maua ya kuhesabu, na watu wanasema ni ugonjwa wakati ni kukosa mwanga tu. Ukimwaga urea, mbolea ya naitrojeni, hapo ndo umeharibu kabisa, mahindi yanazidi kufunga mwanga na maharage yakiipata naitrojeni ya bure yanaacha kuhangaika na vinundu.

Saa 8. Kwa mama mwenye shamba, ugali na mlenda. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu swali la kila siku, kwa nini juu kubaya napata maharage na huku kuzuri napata majani? Nikamwambia huku mahindi yameshiba, ndo maana yanaonea wenzake. Yeye anapenda mbaazi na ana hoja, mbaazi mwanzoni inakua taratibu haigombani na mtu, mahindi yakishavunwa ndo inanyanyuka na mizizi yake mirefu inakunywa maji ya chini. Tatizo soko, 2017 India ilipobana uagizaji bei iliporomoka vibaya, toka hapo haweki mbaazi shamba zima.

Saa 10. Stoo. Sampuli kwenye bahasha za kaki, ndani ya oveni nyuzi 70 siku mbili. Halafu hesabu, tuseme mahindi ya mseto yametoa 0.8 ya yale yaliyopandwa peke yake na maharage 0.4, jumla 1.2, maana yake ungehitaji eka 1.2 za kupanda mbali mbali kupata kile kile cha eka moja ya mseto. Mi namba hiyo siiamini ikiwa peke yake, 1.2 ya kichanga inaweza kuwa debe chache tu.

Saa 12 jioni. Bosi kapiga, tumekubaliana msimu ujao bondeni tupande safu mbili za mahindi mbili za maharage, mwanga upenye, na mlimani mpangilio ubaki ila fosforasi iwekwe ploti zote isipokuwa za kulinganishia. Kamba za kupimia zishaoza, inabidi nikanunue mpya.