Embe mbichi, inswa na joto la mwezi wa kumi

Huku kwetu Lubumbashi mtu akikuambia mwezi wa kumi ni mwezi mzuri, muulize kwanza kama ana watoto nyumbani. Mvua bado, jua linapiga mpaka digrii 32 au 33, vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kabati la sahani, maji ya robine yanatoka usiku wa manane kidogo kidogo, kuran, umeme wetu, inaenda na kurudi inavyotaka yenyewe, na mimi niko na mabinti wawili, Yaya wa miaka minane na Kadogo wa miaka mitano (majina yao ya kweli siandiki, wakikua watanishitaki), ambao joto hilo wao hawalisikii hata kidogo, saa saba wanatoka masomo, saa nane wako juu ya muembe.

Na mimi mwenyewe huu msimu naupenda. Nasema msimu maana kwangu kuanzia larantre, shule zinapofunguliwa mwezi wa tisa, mpaka mvua ikamate vizuri mwezi wa kumi na moja ni kitu kimoja, mwaka wetu hapa nyumbani unaanzia pale, Januari ni tarehe tu. Mwezi wa tisa unanunua kaye za kuandikia, unashonesha sketi ya bulu, unatafuta shemizi nyeupe ambayo haitapita wiki mbili ikiwa nyeupe, primeri ya serikali ni bure tangu 2019 sawa, lakini mfuko wa mzazi unajua kwamba viatu havijawahi kuwa bure. Halafu shule inatulia, joto linapanda, na watoto wanaanza kutafuta cha kufanya.

Mwaka huu cha kufanya kimetoka Ubelgiji. Dada yangu anakaa Liège, akatutumia video ya mtoto wake mu jaketi na bote, anapiga mateke kilima cha majani ya njano na mekundu, anajitupa ndani, anatoka, anajitupa tena. Video yenyewe fupi tu, lakini mabinti wangu waliirudilia mpaka mega zikaisha. Kisha Kadogo akauliza, "Mama, ya kwetu itafika siku gani?"

Hapo ikabidi nieleze. Kwamba kule mwezi wa tisa na wa kumi jua linaanza kuchelewa kutoka na linawahi kulala, baridi inaingia, miti inaangusha majani ili ipite baridi bila kufa. Kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi watu wote wanarudisha saa nyuma, ndiyo maana mpaka siku ile saa ya mama mdogo ni sawa na yetu ya Lubumbashi, kisha ghafla tunampita saa moja, sisi tumemaliza kula bukari, ugali wetu, yeye bado anatoka misa. Yaya alisikiliza vizuri, ana sura ile ya mwalimu anayesahihisha, akasema, "Ile saa moja banaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu, nikamwambia amuulize papa.

Papa wao anafanya kazi Kolwezi, anakuja na kurudi kufuatana na zamu za mgodi, kwa hiyo maswali magumu yote yanamngoja yeye ku telefone jioni. Nadhani ananichukia kwa hilo.

Lakini kilima cha majani walikipata. Muembe wetu unaangusha majani kila siku, na nkambo yao, mama mkwe wangu, anafagia parseli, kiwanja chetu, tangu saa kumi na moja asubuhi na anakusanya yote pembeni kwa kuyachoma. Siku hiyo hakuyakuta. Watoto walikuwa wameyabeba na baseni mpaka nyuma ya nyumba, wameongeza na ya mapera, wameongeza na ya jirani, na wanaruka. Sasa majani ya muembe si yale ya Liège, ni magumu, yanakwaruza, ndani kuna sisimizi, na kuku mmoja alikuwa ameshaona pale ni pahali pazuri pa kutagia. Kelele, kuku juu, watoto chini. Nkambo akatoka na ufagio wake, nikajua sasa kumekucha, yeye akaangalia muda mrefu kisha akasema tu, "Bacheze, lakini beko benyewe njo batafagia." Na walifagia kweli, huku wanashitakiana, yee njo alianza, hapana yee njo alianza. Yale majani hatukuyachoma tena, tuliyarundika pale yaoze, mbele kidogo mtaona kazi yake.

Kitu ambacho nilitaka waelewe ni kwamba na sisi tuna majani yetu mekundu, ila yanafanya kinyume. Huku miti ya porini inapukutika wakati wa kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, halafu mwezi wa tisa kabla tone moja la mvua halijaanguka inatoa majani mapya, na yale mapya yanazaliwa mekundu, mengine rangi ya shaba kabisa, ndipo baadaye yanageuka kijani. Miombo, ndiyo miti hiyo ya pori letu, inafanya vile kwa sababu mizizi yake iko chini sana na mti unaweka akiba ya maji ndani, haungoji mvua iupe ruhusa. Jumapili moja tukapanda taksi kwenda njia ya Kipushi, nkambo ana kipande cha shamba upande ule, na mbali unaona pori lote limewaka bila moto. Kadogo akapiga kioo na kidole: "Mama, hii miti inaiva?" Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Siandiki tu mazuri. Kandokando ya njia ile ile magunia ya makala (makaa) yamepangwa mstari, na pori unalifikia mbali kuliko tulipokuwa tunalifikia mimi nikiwa mdogo, wakati ule ulikuwa unatoka tu nyumba za mwisho za mji na uko ndani ya miti. Na huwezi kumnyoshea kidole yule papa wa baiskeli mwenye magunia sita nyuma, maana usiku ule ule kuran ikikatika mimi ninawasha mbabula, jiko la makala, na nataka makala mazuri, mazito, yasiyo na moshi. Yaya aliniuliza kama tukikata yote yatazaliwa tena mekundu. Nikamwambia yakiachwa yanachipua kutoka kwenye kisiki. Yakiachwa. Hilo neno mtoto aliliona, hakuuliza tena.

Mwisho wa mwezi tulirudi kule, wekundu umekwisha, kila kitu kijani, lakini masuku, matunda ya porini, yameanza. Wamama wanayauza mu baseni kandokando ya njia, ganda la kahawia, ndani njano tamu inayonata, unafyonza na kutema mbegu. Mabinti walifanya mashindano ya kutema mbegu mbali kutoka dirisha la taksi. Sikukataza. Kuna mambo mzazi anageuza uso tu.

Mu mji wenyewe rangi ni ingine. Jacaranda zinatoa maua ya zambarau mwezi wa tisa mpaka wa kumi, barabara za zamani katikati ya mji zinafunikwa chini na juu, ni miti iliyotoka Amerika ya Kusini ikapandwa wakati wa wakoloni na sasa ni yetu kuliko sisi wenyewe. Tukitoka ku soko wanataka kupita pale kila mara. Wanaweka maua ku vidole wanasema ni kucha za bibi harusi, na ninawaambia kila mara waangalie ndani kwanza, nyuki anapenda kujificha mule hata ua likiwa limeanguka, na kila mara hawaangalii.

Jumamosi ni siku ya nywele. Shule yao inatoa modeli moja ya kusuka kwa wiki, wasichana wote sawa, wiki hii mistari kwenda nyuma, wiki ijayo ya kupanda juu, na mimi nakaa ku kiti chini ya muembe, mmoja katikati ya magoti yangu analia kabla sijamgusa, mwingine anangoja zamu yake akila embe mbichi na chumvi na pilipili. Yaya anavumilia akiwa na kitabu. Kadogo hana kitabu, ana maswali, anageuza kichwa kuuliza, mstari unapinda, naanza tena. Hapo ndipo najua habari zote za shule, nani amegombana na nani, nani ana biki ya rangi nne, mwalimu alisema nini kuhusu mama fulani (hiyo sitaiandika). Nafikiri kama shule ingeacha kila mtu anyoe, ningepoteza nusu ya ninayoyajua juu ya watoto wangu.

Halafu mvua. Kuna zile za uongo za mwezi wa kumi, upepo, ngurumo, matone kumi juu ya mabati, watoto wanatoka mbio na vikombe, imekwisha. Ya kweli mwaka huu ilikuja mwanzoni mwa Novemba mchana, ikapiga mpaka jioni, harufu ya udongo ikapanda, na nkambo akatoka kizingitini akanusa hewa akasema leo usiku inswa, wale kumbikumbi wenye mabawa, zitatoka. Nkambo akisema kitu cha namna hiyo usibishane.

Kuran ilikuwa imeshakwenda na ngurumo ya kwanza, basi tukaning'iniza lampi ya sola ku tawi la chini la muembe, tukaweka baseni kubwa ya maji chini yake. Kwa muda hakuna kitu. Kisha moja, mbili, halafu hewa yote ikajaa mabawa, zinagonga lampi zinaanguka ndani ya maji, watoto wa parseli zote nne wamekuja kwetu kwa sababu lampi yetu ilikuwa na nguvu, kila mmoja na sahani yake, wengine wanaziokota chini zikiwa zimeshaangusha mabawa, wanacheka, wanateleza ndani ya matope. Zinatoka kile kichuguu kikubwa nyuma ya jirani, ambacho walijaribu mara nyingi kukitoa udongo wa matofali na bado kiko. Bichuguu bya Katanga binaweza kupanda mpaka mita 8, na wataalamu wamepima vingine vilivyohamwa wakakuta vina zaidi ya miaka 2000. Nilimwambia Yaya hivyo, akamwangalia nkambo, akaangalia kichuguu, akauliza polepole, "Kinapita nkambo?"

Nkambo alisikia. Alisema ndiyo, lakini kidogo tu.

Namna ya kuzitengeneza, kwa wale wa mbali: unaziosha, unaziweka mu sufuria kavu juu ya mbabula bila mafuta, maana zina mafuta yao wenyewe, unakoroga taratibu mpaka zikauke na ziimbe, unazianika kidogo ku lungo, unapepeta mabawa yaende na upepo, unatia chumvi. Basi. Anayeongeza kitunguu na tomati anaharibu, hayo ni maoni yangu na siyabadilishi. Kadogo alisimama na mikono nyuma akatangaza, "Mi hapana kula badudu." Yaya akala ya kwanza akifunga macho, ya pili akiwa ameyafungua. Dakika chache baadaye nikasikia mkono mdogo unaingia mu sahani yangu kutoka nyuma. "Leta ingine," akasema, kama mtu aliyezaliwa anakula inswa.

Tulimpigia papa. Alisikia kelele tu, akapiga na yeye kelele kutoka Kolwezi: "Munichungieko!", yaani tumwekee na yeye. Tulimchungia kikopo. Siku aliyorudi kikopo kilikuwa chepesi sana na kila mtu alikuwa anaangalia pembeni, nkambo akiwa wa kwanza.

Sasa hivi tuko ku kupanda. Yale majani ya kilima cha kuku yameanza kuoza vizuri chini, tuliyachanganya na udongo tukapanda mahindi mistari michache na maboga pembeni, boga lenyewe si lazima lije, mimi nataka kibwabwa, majani yake na karanga za kutwanga. Dada yangu anasema kule Liège madukani maboga yamejaa kwa sababu ya mwisho wa Oktoba, watu wanayachonga macho na meno na kuweka mshumaa ndani. Yaya aliona picha akauliza kama baada ya hapo wanayala. Dada akasema wengi wanatupa. Nkambo alitaka arudiliwe hiyo sentensi, akatikisa kichwa, akarudi shambani.

Tatizo la mahindi ni Kadogo. Kila asubuhi kabla ya shule anafukua moja kuona kama imeota, akikuta bado anaifunika na kuipa moyo kwa maneno. Nimemwambia, papa wake amemwambia, nkambo amemtisha na nyoka. Kwa hiyo mstari wa kwanza tumempa yeye, afukue anavyotaka, mistari ingine asiiguse, na mpaka leo anaheshimu mkataba.

Embe zenyewe zinakaribia kuiva, na hapo shida inahamia ku nguo. Utomvu wa embe ukikauka ku shemizi nyeupe ya shule unakuwa doa la kahawia ambalo sabuni ya kipande inaliangalia tu, nimejaribu limau na jua, nimejaribu jik ya kung'arisha nguo, kitambaa kikaanza kukata na doa bado liko. Mama mwenye dawa ya hilo aniambie kabla ya Jumatatu, ninazo shemizi tatu mu baseni.