Nilivyoacha kuwinda namba moja inayoifyatua neva

Kila niliyemuuliza nini huifanya neva ipige alinipa jibu lilelile: seli ya neva ina kizingiti; volti ikifika karibu milivolti hasi 55 inafyatuka, yaani inatoa mpigo mfupi wa umeme, isipofika inatulia. Jibu hilo lilinipotezea wiki nzima.

Nilianza kuiiga neva kwenye kompyuta kwa milinganyo ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952, iliyotokana na neva nene ya ngisi. Mipigo ilitoka vizuri, ila kuelewa sikuelewa. Vigeu vinne vinavyobadilika pamoja utavichoraje kwenye karatasi? Nikahamia kwa milinganyo ya mwenzao FitzHugh (1961), aliyebakiza viwili: v, volti yenye haraka, na w, uchovu unaoifuata polepole.

Nikapandisha mkondo wa umeme unaoingizwa kwenye neva ghafla kutoka 0 hadi 0.3 (namba za milinganyo hii hazina vipimo). Mpigo mmoja! Nikajua kizingiti nimekipata. Ili kuhakikisha, nikaupandisha tena hadi 0.3 ileile, safari hii taratibu mno. Kimya. Nikaipitia programu mstari kwa mstari, nikaiandika upya. Kimya tena. Kwa hasira nikafanya kinyume: nikaikandamiza neva kwa mkondo hasi wa 0.5, nikasubiri itulie, nikaiachia. Ikapiga! Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hilo linawezekana.

Penseli ndiyo iliyonifungua macho. Nilichora v kwa mlalo na w kwa wima; hali ya neva ni nukta inayotembea kwenye mchoro huo. Mstari wa kwanza ni wa mahali ambapo v haisogei: una bonde kushoto na kilima kulia. Wa pili, ulionyooka, ni wa w. Inapokatana ndipo neva hupumzika. (Tumia rangi mbili, utanishukuru.) Mkondo ukiongezeka, mstari wenye bonde huinuka. Ukiinuka ghafla, neva huachwa chini ya bonde, haina pa kushika, hurushwa mpaka ng'ambo ya kilima, kisha w huirudisha. Huo ndio mpigo. Ukiinuka polepole, w hupanda nao na neva hubaki imeegemea ukingo wake. Na ile niliyoikandamiza? w yake ilishazama, hivyo nilipoiachia ilijikuta chini ya bonde vilevile.

Kupiga bila kukoma ni habari nyingine. Kwa namba zisizobadilika zilizozoeleka katika milinganyo ya FitzHugh (0.7, 0.8 na 0.08), mkondo ukifika kama 0.33 makutano huvuka kidogo sakafu ya bonde. Hapo utulivu huvunjika, na neva huzunguka kitanzi kilekile, mpigo baada ya mpigo. Ukiupandisha kupita takriban 1.42 hunyamaza tena, kwa sababu makutano yameshafika karibu na kilele cha kilima, na huko nako neva hupata pa kutulia.