Mabomba ya Maji ya Moto Yabadilishwe Kabla ya Lipu

Anayekarabati nyumba ya zamani hapa Arusha huanza na yanayoonekana: bati, vigae, rangi na madirisha. Mabomba yaliyozikwa ukutani huachwa yalivyo, madhali maji yanatoka. Sisi tunakarabati nyumba ya wazazi iliyoko Kijenge, na tumeamua kwamba njia yote ya maji ya moto, kuanzia kwenye hita hadi bafuni na jikoni, itolewe kabla fundi lipu hajaingia.

Fundi bomba alipokata kipande kilichokuwa nyuma ya bafu, nje kilionekana kizima kabisa. Ndani kulikuwa na tabaka juu ya tabaka la kutu ya kahawia, na tundu lililobaki lisingepitisha hata penseli. Bomba la maji baridi lililopita sambamba nalo, la umri uleule, lilikuwa na nafuu kubwa. Mabomba haya ya GI, yaani ya chuma, hupakwa zinki, ambayo huliwa kwanza ili chuma kisalimike. Lakini katika maji ya moto zinki hiyo huisha upesi zaidi, na joto likizidi nyuzi 60 hivi, baadhi ya maji huweza kuigeuza hali hiyo, chuma kikaanza kuliwa badala yake. Ndiyo maana njia ya moto hutangulia kuoza.

Kuziba huko hutuumiza zaidi sisi tunaotegemea tenki lililoinuliwa. Kimo cha mita 10 ndicho kinacholeta presha ya takriban bar 1, kwa hiyo tenki lililo mita 3 juu ya shawa hutoa bar 0.3 tu, na presha ndogo namna hiyo haiwezi kusukuma maji katika bomba lililojaa kutu. Katika baridi ya mwezi wa Julai, mzee aliyesimama bafuni akisubiri maji ya uvuguvugu huteseka kweli.

Tulishauriwa kubadilisha kipande kilichooza peke yake. Sikukubali, kwa sababu spana inayofungua nati moja hutikisa maungio ya jirani yaliyochoka, na kutu iliyobaki huendelea kumeguka na kuziba koki mpya. Tena gharama kubwa iko katika kuvunja ukuta na kurudishia vigae kuliko katika bomba lenyewe.

Tumechagua PPR, aina ya bomba la plastiki, yenye maandishi PN20 (daraja lake la presha), inayofaa maji ya moto; PVC ya kawaida hulegea kwa joto. Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita: PPR huitwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya milimita 20 ina uwazi wa milimita 13 hivi, wakati GI ya nusu inchi ilikuwa na takriban 16, kwa hiyo anayetaka maji yaleyale achukue ya milimita 25. Maungio huyeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, na fundi akipitiliza sekunde chache, plastiki hufura ndani na kulibana tundu. Vilevile bomba hilo hurefuka likipata moto: mita 10 zikiongezewa nyuzi 40 hurefuka kwa sentimita 6 hivi, hivyo liachiwe nafasi ya kucheza.

Kabla ya lipu tutalijaza maji, tulipime kwa pampu ya presha na kuliacha usiku kucha, kisha tupige picha kila ukuta futi ikiwa imewekwa kando ya bomba, ili atakayetoboa baadaye ajue linapopita.