Ramani mbili za Lamu: wadi, kata na hesabu ya watu

Kosa la kawaida kwenye fomu za kaunti ya Lamu, Kenya, hutokea kwenye mstari mmoja: "Wadi". Mtu wa Mpeketoni hujaza Mpeketoni. Wa Kizingitini hujaza Kizingitini. Wote wawili wamekosea, kwa kuwa hakuna wadi yenye jina hilo wala hilo. Mpeketoni na Kizingitini ni majina ya tarafa. Fomu ya basari ikifika mezani ikiwa na jina la tarafa mahali pa wadi, haina kikapu cha kuingia, na mwanafunzi ndiye anayeumia.

Chanzo ni kwamba Lamu imegawanywa mara mbili, na migawanyo yote miwili inatumika kwa wakati mmoja.

Mgawanyo wa kwanza ni wa kura na wa serikali ya kaunti. Lamu ni kaunti nambari 005, ina maeneobunge mawili na wadi 10. Lamu Mashariki ina wadi 3: Faza, Kiunga na Basuba. Lamu Magharibi ina 7: Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Bahari na Witu. Kila wadi huchagua mwakilishi wake wa bunge la kaunti. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kaunti huweka msimamizi katika kila kaunti ndogo na kila wadi, na sheria hiyo inaruhusu ngazi ya kijiji chini ya hapo.

Mgawanyo wa pili ni wa serikali kuu, nao ni mkongwe zaidi, tangu enzi za wilaya ya Lamu ndani ya Mkoa wa Pwani. Juu yupo kamishna wa kaunti, kisha naibu wake katika kaunti ndogo, kisha kamishna msaidizi katika tarafa, chifu katika kata, na naibu wa chifu katika kata ndogo. Tarafa zilizozoeleka ni Amu, Hindi, Mpeketoni, Witu, Faza, Kizingitini na Kiunga. (Msomaji wa Tanzania aangalie hapa: kwenu kata ndiyo yenye diwani. Kenya, kata ni ya chifu, asiyepigiwa kura, na mwenzake diwani ni mwakilishi wa wadi.)

Hatari iko kwenye majina yanayojirudia. Faza ni tarafa, na Faza ni wadi, lakini mipaka si ile ile: wadi ya Faza ni pana na inaichukua hata Kizingitini yenye tarafa yake. Kwa hiyo ukipewa takwimu za "Faza" bila kuambiwa Faza ipi, usizitumie bado. Uliza kwanza. Lamu Mashariki nayo ni eneobunge na papo hapo ni kaunti ndogo, ila hapo angalau mipaka inalingana.

Upande wa huduma, ni vyema kukumbuka hivi. Mtoto akizaliwa nyumbani, taarifa huanzia kwa naibu wa chifu wa kata ndogo, na ipelekwe kabla ya miezi 6, maana baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa wenye vithibitisho zaidi. Kitambulisho cha taifa nacho hupitia kwa chifu na naibu wake, ambao ndio wanaothibitisha kwamba mwombaji ni mwenyeji. Zahanati, chekechea, maji na barabara ndogo ni za kaunti, kwa hiyo lalamiko linakwenda kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wa wadi. Basari zina milango miwili: ya eneobunge iko chini ya NG-CDF, yaani hazina ya serikali kuu ya maendeleo ya maeneobunge, ya kaunti hufuata wadi. Anayebisha mlango mmoja na kungoja jibu la mwingine atangoja sana.

Sasa watu wenyewe. Sensa ya usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu: wanaume 76,103, wanawake 67,813, na wenye jinsia mbili 4. Ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote 47. Eneo la nchi kavu ni takriban kilomita za mraba 6,253, na hivyo msongamano ni watu 23 kwa kila kilomita ya mraba.

Hiyo 23 ni wastani unaodanganya. Sehemu kubwa ya upande wa kaskazini ni msitu na hifadhi za Boni na Dodori, ambako unaweza kwenda mwendo mrefu bila kuona nyumba, ilhali katika mji mkongwe wa Lamu, ambao wenyewe huuita Amu, nyumba za mawe zimebanana hadi punda na mtu mwenye mzigo hupishana kwa taabu. Ni vigumu kupata mahali Lamu ambapo watu 23 kwa kilomita ndiyo hali halisi. Anayepanga visima au madarasa kwa wastani huo atakosea pande zote mbili.

Wanaume ni 112 kwa kila wanawake 100. Kabla ya kutafuta sababu katika uzazi, kumbuka sensa ya Kenya humhesabu mtu alikolala usiku ule, si kwao. Kaunti yenye kambi za askari, vibarua wa ujenzi na wavuvi wa dago, yaani wa kambi za msimu, lazima itoe wanaume wengi. Kwa anayepanga hospitali ya kujifungulia, namba ya kuanzia ni ya wanawake peke yake, tena kwa umri wao.

Ukuaji ndio unaosema mengi zaidi. Mwaka 1989 walikuwa 56,783, mwaka 1999 wakawa 72,686, mwaka 2009 wakafika 101,539. Kutoka hapo hadi 2019 waliongezeka 42,381, yaani asilimia 42 kwa miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka asilimia 23 tu. Lakini igawe nyongeza hiyo kwa maeneobunge: Lamu Magharibi ilitoka 82,698 hadi 121,662, Lamu Mashariki ikatoka 18,841 hadi 22,258. Katika kila watu 100 walioongezeka, karibu 92 waliongezeka Magharibi. Mashariki ilikua kwa asilimia 18, chini ya kasi ya taifa.

Sababu ni ardhi na barabara. Magharibi ndiko kwenye mashamba ya makazi yaliyoanza miaka ya 1970 kandokando ya Ziwa Kenyatta, yaliyoizaa Mpeketoni na kuwavuta wakulima kutoka bara. Ndiko ilikopita barabara ya Garsen, Witu hadi Mokowe. Na ndiko kwenye bandari mpya ya Magogoni, karibu na Hindi. Gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, baada ya sensa, kwa hiyo anayetumia namba za 2019 kwa Hindi anatumia picha ya kabla ya bandari kufanya kazi.

Mashariki ni maji na msitu. Kutoka Amu kwenda Faza au Kiunga ni kwa chombo, na mlango wa Mkanda kati ya Manda na bara haupitiki vizuri maji yakipwa. Anayechelewa hukwama kwenye tope akingoja maji kujaa. Msimu wa upepo wa kusi bahari ya nje hukataa vyombo vidogo. Basuba ndiyo ngumu kuliko zote: wakazi wake wengi ni Waboni, wanaojiita Aweer, katika vijiji kama Mangai, Milimani, Mararani, Kiangwe na Basuba yenyewe, na tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ianze mwaka 2015, shule na zahanati zimefungwa na kufunguliwa mara kadhaa. Wadi hii ina watu wachache, na kila mmoja wao ni ghali kumfikia. Mgao unaohesabu vichwa tu hauoni hilo.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka siasa. Kwa wastani, wadi ya Mashariki ina watu 7,419 na ya Magharibi 17,380. Ibara ya 89 ya Katiba inataka idadi ya watu wa maeneobunge ikaribie wastani wa taifa, na kuruhusu tofauti ya hadi asilimia 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Wastani wa 2009 ulikuwa 133,138, hivyo kima cha chini kilikuwa kama 79,883. Lamu Mashariki, yenye 18,841, haikukikaribia. Ilibaki kwa sababu mapitio ya mipaka ya 2012 yalikatazwa kufuta maeneobunge yaliyokuwapo, na kinga hiyo ilikuwa ya mapitio yale tu. Mapitio hufanywa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Kikomo cha Machi 2024 kilipita bila kazi hiyo kufanyika, kwani tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna. Kwa namba za 2019 wastani ni 164,015 na kima cha chini 98,409. Pengo limezidi kupanuka.

Katika fedha, udogo una nafuu yake. Fomula ya tatu ya kugawia kaunti mapato ya taifa, ya 2020, iliweka fungu la kugawa sawasawa kwa kaunti zote, lenye uzito wa asilimia 20 kati ya vigezo vyake. Lamu ina asilimia 0.30 ya Wakenya, ila katika fungu hilo ilipata moja ya sehemu 47, yaani asilimia 2.13, mara saba ya uzito wa watu wake. Kigezo cha watu kilikuwa asilimia 18. Katika fomula ya kwanza kilikuwa 45. Kwa hiyo mtu wa Kiunga akisikia fomula inabadilishwa Nairobi, asiulize kwanza kaunti imepata shilingi ngapi mwaka huu. Aulize fungu la kugawa sawa limewekwa asilimia ngapi, maana sensa ijayo haiwezi kuipa Lamu watu wa kutosha kuziba pengo la fungu hilo likipunguzwa.