Kabla ya kulaumu vidole, pima gitaa

Mwenye baridi yabisi ya mikono akisema kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) haishikiki tena, aanze kwa kuchunguza gitaa. Funga kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vya kukata shingo), kisha shika kodi zilezile. Zikilainika ghafla, kile kijiti kinachobeba nyuzi karibu na kichwa cha gitaa kiko juu mno. Thibitisha hivi: bonyeza uzi freti ya 3, tazama mwanya uliobaki juu ya freti ya 1. Unatakiwa uwe mwembamba kama unywele. Ukiwa mpana, fundi achimbe mifereji ya kijiti hicho. Usijaribu mwenyewe, ukizidisha kidogo tu, uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, utagonga freti na kijiti kitabidi kibadilishwe.

Nyuzi nazo. Seti nyingi za chuma huanza na uzi mwembamba zaidi wa unene wa inchi 0.012, shuka hadi 0.010. Hapa wengi hukata tamaa, maana nyuzi nyepesi huvuta shingo kwa nguvu ndogo zaidi, shingo inanyooka, na nyuzi zinaanza kuvuma. Gitaa si bovu. Chuma cha ndani ya shingo kilegezwe robo mzunguko, kisha usikilize tena. Kushusha sauti ya nyuzi zote nusu toni (hatua ya freti moja) hupunguza mvuto wake kwa takriban asilimia 11. Toni nzima, karibu asilimia 21.

Sasa mkono. Gusa uzi freti ya 6 bila kubonyeza, upige: utatoa sauti iliyozibwa. Ongeza nguvu polepole, kidole kikiwa nyuma tu ya freti, hadi noti itoke safi. Ishia hapo hapo. Nguvu yote inayozidi hapo inaumiza viungo bure. Shina la gumba ndilo huteseka zaidi kwa kubana shingo, kwa hiyo fanya mazoezi ukiwa umeliondoa kabisa: mkono wa kulia ukandamize mwili wa gitaa, wa kushoto uvute nyuma kwa uzito wake.

Loweka mikono katika maji ya uvuguvugu dakika 5, cheza dakika 10, pumzika. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, usicheze. Maumivu yakidumu zaidi ya saa 2 baada ya kucheza, kesho fupisha.

Na ile F? Acha kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote. Shika uzi wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 1, wa kwanza uuache mtupu. Ni F meja 7, na katika nyimbo nyingi inakaa vizuri.